Kitone kinapovuka mtaa: njia nne za kupima umbali kwa redio ili kuisaidia GPS mjini

Nilikuwa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, saa nne asubuhi, nikimsubiri kijana wa bodaboda aliyekuwa ananiletea mzigo. Kitone cha buluu kwenye simu yangu kilisema niko mtaa wa pili, nyuma ya jengo la ghorofa nane. Nilipopiga hatua tatu kikarudi upande wangu, kikatulia kidogo, kisha kikavuka tena. Mara simu ikaita: "Kaka, mimi nimefika, mbona sikuoni?" Alikuwa amefika kweli, ila pale kitone kilipomwelekeza, na kati yetu palikuwa na jengo zima la maduka ya vitenge. Kosa lenyewe lilikuwa la mita 15 hivi, lakini lilimlia robo saa na mafuta juu yake.

Ulinganisho huu ni kwa anayetaka kulitatua tatizo hilo na amekwama kwenye kuchagua: mwenye kampuni ya usafirishaji, mtengeneza programu, msimamizi wa kituo cha mabasi, mhandisi wa halmashauri au wa bandari. Njia zinazozungumzwa sana zinafanana kwa jambo moja, kwamba kifaa kinapima umbali wake kutoka kwenye vituo vya redio vilivyo karibu, kisha kinaviunganisha vipimo hivyo na vya setilaiti. Zinapotofautiana ni kwenye gharama, saa, na mtu atakayevitunza vituo hivyo baada ya shangwe za uzinduzi kwisha.

Kinachotokea katikati ya maghorofa

Setilaiti za GPS huzunguka takribani kilomita 20,200 juu yetu, na kila moja hutangaza saa yake bila kukoma. Kipokezi kinapima mawimbi yametumia muda gani kufika, na kwa kuwa mawimbi ya redio husafiri sentimita 30 hivi kwa kila nanosekunde, kukosea nanosekunde 10 ni kukosea mita 3. Zinahitajika setilaiti nne kwa sababu kuna mambo manne ya kutafuta: namba tatu za mahali ulipo, na kosa la saa ya simu yako.

Chukua mtaa wenye upana wa mita 12, majengo ya mita 30 kila upande. Ukisimama katikati, ukuta wa kila upande unaiziba anga hadi nyuzi 78 hivi juu ya upeo wa macho, na kinachobaki wazi ni ufito mwembamba wa anga unaofuata mtaa. Setilaiti zinazoonekana ni zile zilizo ndani ya ufito huo, na kwa hiyo simu inajua vizuri umefika wapi kwa urefu wa mtaa, lakini haina cha kushikilia kuhusu upande gani wa mtaa ulipo. Hii ndiyo sababu kitone huruka kuvuka majengo mara nyingi zaidi kuliko kinavyokosea mbele na nyuma.

Setilaiti zilizozibwa nazo hazinyamazi. Ukisimama kando ya ukuta unaoiziba setilaiti iliyo kwenye nyuzi 60, wimbi lake linaweza kupita juu ya jengo hilo, likagonga ukuta wa ng'ambo na kukurudia. Kwa pembe hiyo, urefu unaoongezeka kwenye safari yake ni sawasawa na umbali wako hadi ukuta wa ng'ambo. Kwenye mtaa wa mita 12 utadanganywa mita 12, na kwenye barabara pana ya mita 40 yenye minara mirefu pande zote utadanganywa mita 40. Ndiyo maana barabara pana za katikati ya Nairobi, kama Kenyatta Avenue, zina shida ya namna nyingine na vichochoro vya Kariakoo: kule mwangwi ni mrefu, huku setilaiti zenyewe ni chache.

Kuaminika nako ni zaidi ya usahihi. Kwa setilaiti nne utapata jibu, ila huna namna ya kujua kama mojawapo imesema uongo. Ya tano inakuwezesha kugundua kwamba kuna uongo, na kwa kawaida ni mpaka upate ya sita ndipo uweze kumjua aliyeusema na kumtoa. Kipimo kimoja cha redio kutoka ng'ambo ya barabara kinafanya kazi mbili kwa pamoja: kinaziba udhaifu wa upande kwa upande, na kinaongeza shahidi.

Vigezo nitakavyotumia

Cha kwanza ni namna redio inavyolitenganisha wimbi lililokuja moja kwa moja na lililogonga ukuta. Cha pili ni umbali inaofika, pembe ambazo vituo vyake vinaweza kukaa, na idadi ya watu inayoweza kuwahudumia kwa wakati mmoja. Cha tatu ni saa: vituo vinaafikiana vipi kuhusu wakati, na wakati huo unatoka wapi. Cha nne ni kifaa na utunzaji, yaani nani ana simu inayoweza kupima, na nani atapanda ngazi kituo kikizima. Cha tano ni faragha.

Njia nne ninazozilinganisha ni hizi. Ya kwanza ni UWB, redio ya masafa mapana sana inayotuma mapigo mafupi mno, ambayo iliingia kwenye simu za iPhone 11 mwaka 2019. Ya pili ni Wi-Fi inayopima muda wa kwenda na kurudi kati ya simu na ruta, uwezo uliofunguliwa kwa watengeneza programu na Android 9 mwaka 2018. Ya tatu ni 5G, ambayo ilipewa mbinu zake za kupima mahali katika toleo la 16 la viwango vya 3GPP, muungano unaoandika viwango vya mitandao ya simu duniani, lililokamilika mwaka 2020. Ya nne ni minara maalumu iliyojengwa kwa kazi hii tu, kama mfumo wa Locata wa Australia, wa NextNav wa Marekani, na ule wa majaribio uliojengwa Delft, Uholanzi.

Kabla ya kununua chochote

Yako mambo ya bure au ya bei ndogo yanayostahili kutangulia. Simu zinazopokea masafa mawili ya setilaiti, yaani L1 na L5, zipo sokoni tangu mwaka 2018, na msimbo wa L5, yaani mpangilio wa mapigo ambao simu hutumia kupima muda, unakwenda kasi mara kumi kuliko ule wa zamani wa L1; hatua moja ya msimbo wa zamani ina urefu wa mita 293, ya L5 mita 29. Kwa hiyo kipokezi cha L5 kinaukata mwangwi mrefu ambao L1 ingeumeza pamoja na wimbi halisi. Faida hii utaiona zaidi kwenye barabara pana. Kwenye kichochoro, ambako wimbi la moja kwa moja halipo kabisa na umebaki mwangwi peke yake, L5 haina cha kuchagua.

Tangu mwaka 2020 pia, Google imekuwa ikitumia maumbo ya majengo kwenye ramani zake kukisia ni wimbi gani limegonga ukuta upi na kulisahihisha. Tokyo walikwenda mbali zaidi: Japani ilirusha setilaiti yake ya kwanza ya Michibiki mwaka 2010 ili iwepo setilaiti inayokaa karibu na utosi wa mji kwa muda mrefu. Sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati kwamba setilaiti za kawaida zinapita juu ya vichwa vyetu, lakini anga ya tropiki ina adha yake. Baada ya jua kuzama, tabaka la juu lenye chembe za umeme huchafuka na kuyatikisa mawimbi ya setilaiti. Redio ya kutoka jengo la jirani haipiti huko.

Ukishayafanya hayo na kitone bado kinavuka mtaa, ndipo njia nne zinakuhusu.

Kigezo cha kwanza: ukuta na mwangwi

Kanuni ya kushika hapa ni nyepesi. Kadiri redio inavyotumia upana mkubwa wa masafa, ndivyo pigo lake linavyokuwa fupi na ndivyo inavyoweza kutenganisha wimbi halisi na mwangwi unaolifuata karibu. Ukigawanya kasi ya mwanga kwa upana huo unapata, kwa makadirio, tofauti ya urefu wa njia ambayo redio inaweza kuitambua bila ujanja wa ziada.

UWB ina megahezi 500 hivi, kwa hiyo inatenganisha njia zinazopishana sentimita 60, na ikiona kituo waziwazi hupima umbali kwa kosa la sentimita 10 hivi. 5G kwenye masafa ya kati ina hadi megahezi 100, ambayo ni mita 3, na kwenye masafa ya juu sana hadi megahezi 400. Wi-Fi yenye chaneli ya megahezi 80 inakaribia mita 4, na kwa wastani wa vipimo vingi hukupa mahali kwa kosa la mita 1 hadi 2. Chaneli ya megahezi 20, ambayo ndiyo ruta nyingi hutumia mtaani, ni mita 15, nayo haifai kwa kazi hii. Minara maalumu inatofautiana sana. Bendi finyu inayotumiwa na NextNav inatoa makumi ya mita kwa kanuni hii, na ujanja mwingi wa hesabu unahitajika ili kuteremka hapo. Locata hufuatilia mkao wa wimbi lenyewe na kufikia sentimita, ikiwa tu kipokezi hakipotezi wimbi. Na wale wa Delft walitawanya ishara zao juu ya bendi pana, wakapata sentimita 10 katika jaribio lililotangazwa mwaka 2022.

Hata hivyo upana wa masafa haufui dafu mbele ya zege. Pigo la UWB likizuiwa kabisa na nguzo ya jengo, kinachofika ni mwangwi tu, na kipokezi kitaupima mwangwi huo kwa usahihi wa ajabu wa sentimita 10 kutoka mahali pasipo sahihi. Mwili wa binadamu nao ni ukuta. Simu iliyo mfuko wa nyuma, mwenye simu akiwa amekipa kituo kifua, hupokea mawimbi dhaifu yaliyozunguka. Kwa hiyo yeyote anayekuuzia mfumo kwa kutaja sentimita, muulize vituo vitafungwa wapi, na kifaa kitabebwa vipi na mtu anayetembea.

Kigezo cha pili: umbali, pembe na wingi wa watu

UWB inaruhusiwa nguvu ndogo mno. Chini ya kanuni za Marekani na Ulaya, kituo cha megahezi 500 kinarusha wastani wa miliwati 0.04 tu. Kinafika makumi machache ya mita. Hilo ni pungufu ukitaka kufunika mji, lakini ni fursa kwenye njia panda moja, kwa kuwa unaweza kufunga vituo pande zote mbili za barabara na kupata kipimo cha upande kwa upande ambacho setilaiti zimeshindwa kukupa. Wi-Fi inafika mbali kidogo zaidi, na ruta za maduka tayari ziko kushoto na kulia kwa mpita njia, pembe ambayo mhandisi angeichagua mwenyewe.

Minara ya 5G hufika mamia ya mita na kuendelea, lakini imewekwa kwa ajili ya mawasiliano. Mpangaji wa mtandao hufurahi simu ikisikia mnara mmoja kwa nguvu na mingine isikike kwa udhaifu. Anayepima mahali anataka minara mitatu au minne isikike vizuri kutoka pande tofauti. Mahitaji haya mawili yanavutana, na kwenye mtaa mwembamba simu mara nyingi inaona mnara mmoja ulio mwisho wa mtaa, yaani kwenye mwelekeo uleule ambao setilaiti tayari zinaujua.

Minara maalumu inaweza kupangwa vizuri tangu mwanzo, ikifunika mji kwa vituo vichache vilivyo juu ya majengo marefu. Udhaifu wake ni wima: vituo vilivyo karibu kwenye kimo kimoja havikuambii uko ghorofa ya ngapi, na kwa hilo kipima-hewa kilichomo kwenye simu, yaani kinachopima mgandamizo wa hewa, husaidia zaidi.

Kuhusu wingi wa watu, tofautisha kusikiliza na kubadilishana. Minara maalumu, na 5G inapotumia ishara za kushuka, yaani zitokazo mnarani kwenda kwenye simu, hutangaza na simu zikasikiliza. Wawe watu 10 au 10,000, mzigo ni uleule. Wi-Fi ya kwenda na kurudi inataka kila simu ibadilishane ujumbe na kila ruta, na Kariakoo ya wiki ya mwisho kabla ya sikukuu siyo mahali pa kuanzia. UWB inaweza kufanya kazi kwa namna zote mbili, lakini namna ya kusikiliza inarudisha swali la saa.

Kigezo cha tatu: saa

Hapa ndipo ninapoona wanunuzi wengi wakiteleza, na ndicho kigezo ninachokipa uzito kuliko vingine. Njia yoyote ambayo simu inalinganisha mawimbi ya vituo viwili inadhani vituo hivyo vina saa moja. Mitandao ya simu ya aina inayopokezana kutuma na kupokea kwenye masafa yaleyale inaruhusiwa, kwa viwango vya 3GPP, kupishana hadi mikrosekunde 3 kati ya minara jirani. Kwa mazungumzo ya simu muda huo ni sawa kabisa. Kwa kupima umbali ni mita 900. Mtandao wa 5G unaofanya kazi vizuri leo unaweza kutofaa kabisa kwa kazi hii bila marekebisho makubwa ya saa, na mwenye mtandao hatayafanya kwa sababu tu programu yako inayahitaji.

5G ina mbinu nyingine inayokwepa tatizo hilo, ya kupima kwenda na kurudi na minara kadhaa. Ukizungumza na mtoa huduma, uliza moja kwa moja kama mbinu hiyo imewashwa. Wi-Fi haina shida hii kwa kuwa kila kipimo ni cha kwenda na kurudi, na ucheleweshaji wa ruta hukatwa ndani ya hesabu. UWB ya kubadilishana vilevile. UWB ya kusikiliza inataka vituo viunganishwe kwa waya au visawazishane kwa redio, kazi inayowezekana ndani ya kituo kimoja cha mabasi lakini ngumu kwenye mtaa mzima.

Kwa minara maalumu, saa ndiyo bidhaa yenyewe. Locata walitengeneza vituo vinavyosawazishana kwa redio bila saa za atomiki. Watu wa Delft walisafirisha muda wa saa ya atomiki kwa faiba za kawaida za mawasiliano hadi kwenye vituo vyao, na hilo kwangu ndilo jambo kubwa la kazi ile kuliko hata zile sentimita 10. Sababu ni kwamba minara mingi ya simu duniani huchukua saa yake kutoka GPS. Mtu akiizima GPS ya mtaa kwa kifaa cha kuvuruga mawimbi, msaidizi uliyemtegemea anabaki na saa yake ya akiba, ambayo taratibu inaanza kupotoka. Ukitaka msaidizi ambaye haanguki pamoja na aliyekuja kumsaidia, fuatilia saa yake inatoka wapi.

Kigezo cha nne: kifaa na utunzaji

Simu nyingi za bei ya chini, ambazo ndizo zilizo mikononi mwa madereva na wateja wetu, hazina UWB. Kwa gari, forklifti au mkokoteni wa hospitali hilo si tatizo, kwa sababu utafunga kifaa chako mwenyewe. Kwa umma ni kikwazo cha kweli.

Wi-Fi ya kupima iko kwenye simu nyingi zaidi za Android, lakini ruta za bei nafuu aghalabu hazina uwezo huo. Zilizo nao zinahitaji mtu aliyepima kila ruta iko wapi hasa na kuliandika hilo kwenye mfumo. Ruta ya duka haitulii: mwenye duka akipanga upya rafu anaihamishia dirishani, akifunga jioni anaizima, umeme wa Luku ukiisha inazimika. Nimeona mfumo uliopimwa vizuri mno ukaharibika taratibu ndani ya miezi bila yeyote kugusa programu, kwa kuwa ruta mbili zilikuwa zimebadilishana vyumba. Ndani ya jengo lenye mwenye mmoja na fundi mmoja, hili linadhibitika. Kwenye mtaa wenye wapangaji mia, halidhibitiki.

5G ilianza kibiashara Tanzania na Kenya mwaka 2022. Minara ina mtunzaji, ina umeme wa akiba, ina ulinzi, na katika kigezo hiki hakuna njia inayoishinda. Unachokosa ni usemi: huduma ya kupima mahali iko mikononi mwa mwenye mtandao, na simu isiyo ya 5G imeachwa nje.

Minara maalumu inahitaji kila kitu kutoka mwanzo, ikiwemo kibali cha masafa kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, mahali pa kufunga juu ya majengo ya watu, na kipokezi ambacho mara nyingi hakimo kwenye simu ya kawaida. UWB nayo uiulizie kibali kabla ya kuagiza, kwa sababu kanuni za nchi moja hazihamii nyingine zenyewe.

Kigezo cha tano: nani anajua ulipo

Kwa kifupi, simu inayosikiliza na kukokotoa yenyewe haimwambii mtu yeyote. Minara maalumu na 5G ya ishara za kushuka zinaweza kufanya hivyo. 5G ya ishara za kupanda, zitokazo kwenye simu kwenda mnarani, inamweka mwenye mtandao kuwa mkokotoaji, na UWB ya kufuatilia wafanyakazi inamweka mwajiri. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ya mwaka 2019, na mahali mtu alipo ni taarifa binafsi. Ukifunga vifaa kwenye vizibao vya wafanyakazi, waeleze na upate msingi wa kisheria kwanza. Kwa upande wa usalama wa kipimo, kiwango cha UWB cha mwaka 2020, IEEE 802.15.4z, kilitengenezwa kwa kuzingatia mtu anayejaribu kughushi umbali, ilhali Wi-Fi ya kizazi cha kwanza cha upimaji haikuwa na kinga hiyo.

Kuchanganya, na kosa la mita 300

Njia yoyote utakayoichagua, usichanganye majibu mawili yaliyokwisha kukokotolewa. Ukichukua mahali pa GPS na mahali pa redio ukatafuta wastani, unachanganya kosa ambalo hulioni. Chukua vipimo vibichi, yaani umbali wa kila setilaiti kabla haujakokotolewa kuwa mahali: Android inavitoa vya setilaiti tangu toleo la 7, na umbali wa Wi-Fi unatolewa vilevile. Hapo setilaiti tatu na umbali mmoja wa kwenda na kurudi zinatosha kupata mahali, jambo ambalo setilaiti tatu peke yake haziwezi, na kila kipimo kinachozidi hapo ni shahidi wa kumkagua mwingine.

Jambo la pili ni la wapimaji wa ardhi, na linaumiza zaidi kwetu. Ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya zimechorwa kwa mfumo wa kuandika mahali uitwao Arc 1960, wakati setilaiti zinatumia mwingine uitwao WGS84. Tofauti ya mifumo hiyo miwili hapa kwetu ni takribani mita 300. Fundi akisoma mahali pa kituo kwenye ramani ya zamani na kukiingiza kama kilivyo, hakuna redio duniani itakayookoa mradi. Lipa mpimaji apime kila kituo kwa kipokezi chake.

Kwa hali yako

Kama unaendesha programu ya usafiri au mizigo na huna udhibiti wa simu za wateja, usinunue vituo vyovyote kwa sasa. Shauri madereva wako simu zenye L5, tumia vipimo vibichi, na uruhusu mteja aandike alama anayoijua, "mlango wa bluu mkabala na duka la vitenge". Wi-Fi ya kupima iongeze kwenye majengo machache ambayo mzigo wako mwingi unakwenda, kwa makubaliano na mwenye jengo.

Kama unasimamia kituo cha mabasi, kwa mfano vituo vikuu vya mwendokasi vya Dar es Salaam ambako basi liko chini ya paa na swali ni limeegesha jukwaa lipi, UWB inakufaa. Magari ni yako, kifaa utafunga juu ya paa la basi ambako hakuna mwili wa kukiziba, na eneo ni dogo. Anza na vituo vinne, viwili kila upande wa njia, vipime, kisha ongeza.

Bandarini au mgodini, ambako makontena au kuta za shimo huziba anga kama maghorofa, mambo mawili yanashindana kihalali. Locata ilishatumika kwenye mgodi wa dhahabu wa Boddington, Australia, kwa sababu kuta za shimo ziliwanyima setilaiti, na inafaa palipo na eneo pana na mitambo michache ya gharama kubwa inayohitaji sentimita. Palipo na watu na magari mengi yanayohitaji mita moja au mbili pamoja na mawasiliano, mtandao binafsi wa 5G unaweza kubeba kazi zote mbili, mradi mkataba utaje saa na upimaji wa kwenda na kurudi.

Hospitali, soko la ndani au jengo la ofisi lililo karibu kubadilisha ruta zake ni mahali pa Wi-Fi. Gharama ya ziada ni ndogo kwa kuwa ruta zinanunuliwa kwa vyovyote, na fundi yupo. Mpe fundi huyo orodha ya ruta na mahali pake, na sharti kwamba hakuna inayohamishwa bila kupimwa upya.

Kwa serikali au mtoa huduma anayefikiria simu za dharura mji mzima, 5G ndiyo inayofikika, na shabaha ya kuanzia iko: Marekani inawadai watoa huduma wafikie mita 50 kwa asilimia 80 ya simu za dharura, na mita 3 kwa kimo. Mita 50 haitakuonyesha mlango, lakini itaipeleka gari la wagonjwa kwenye mtaa ulio sahihi.

Na kama hofu yako ni GPS kuzimwa au kughushiwa, kwa gridi ya umeme, benki au uwanja wa ndege, angalia minara maalumu au mfumo wa aina ya Delft, kwa kuwa nchi zetu tayari zina mikongo ya faiba inayounganisha miji. Idara ya Uchukuzi ya Marekani ilijaribu teknolojia za kampuni 11 mwaka 2020 kwa ajili ya swali hilihili. Taarifa yake ya mwaka uliofuata haikupendekeza moja ichukue nafasi ya zote. Mazungumzo ya kwanza hapo yawe na mwenye faiba, na swali la kwanza liwe muda utatoka kwenye saa ipi.